Toyota ilivyopanda hadi Kinampanda

Saa kumi na moja na nusu alfajiri Kinampanda bado ni giza, na baridi ya uwanda wa juu wa Iramba inakata masikio. Dereva anawasha Noah. Injini haijatulia, sauti ya mwanamke inatoka kwenye dashibodi, nyororo na ya heshima, ikitamka maneno ambayo hakuna abiria anayeyaelewa. "Shikamoo, mama," konda anaitikia, na waliokwisha kukaa wanacheka ingawa utani huo wameusikia mara mia.

Anachosema mama huyo ni kwamba kadi haijachomekwa. Ni kadi ya kulipia barabara za kasi za Japani, ambako gari hupita getini bila kusimama na hela hukatwa zenyewe. Mwenye gari wa kwanza aliichomoa kadi yake siku aliyoliuza, akaenda zake, na kifaa hakikuambiwa. Redio nayo imebaki na mambo ya kwao: masafa yake ya FM yanaanzia 76 na kuishia 90, kwa hiyo stesheni nyingi za kwetu haizipati mpaka fundi aipachikie kifaa cha kugeuza mawimbi.

Ukiondoa bodaboda, ambazo kwa kweli ndizo zinazoibeba Iramba, na Fuso zinazokuja kuchukua alizeti na vitunguu, gari linalopita hapa huwa Toyota. Noah na Hiace za abiria, Probox iliyopakiwa magunia mpaka ikainua pua, Land Cruiser ya mkonga yenye namba za serikali, IST ya mwalimu. Mwalimu mmoja mstaafu, aliyenunua IST kwa fedha za kiinua mgongo, nilimwuliza ilimpendezea nini. Nilitegemea aseme mafuta, au sura. Akasema neno moja: "Spea." Kisha akaona kama sijaridhika, akaendelea. "Kununua gari kila mtu anaweza akijibana. Shida ni siku litakapolala njiani. Hii ikilala, kesho yake inatembea."

Jibu hilo nimelifikiria sana, kwa sababu historia ya kampuni yenyewe, ukiisoma kutoka mwanzo, inageukageuka na kurudi palepale kwenye spea.

Ukoo wa Toyoda haukuanza na magari, ulianza na vitambaa. Sakichi Toyoda, mtoto wa seremala aliyezaliwa mwaka 1867, alikulia kijijini ambako wanawake walifuma kwa mikono, mama yake akiwa mmoja wao. Akiwa kijana alijifungia na mbao na misumari mpaka majirani wakamwona amechanganyikiwa, na mwaka 1891 akapata hataza ya mtambo wake wa kwanza wa kufuma. Mtambo uliompa jina ulikuja mwaka 1924. Uliweza kubadilisha uzi ukiisha bila kusimamishwa, na uzi ukikatika ulisimama wenyewe, badala ya kuendelea kufuma kitambaa kibovu huku mfumaji anatazama kwingine. Waingereza, ambao ndio waliokuwa mabwana wa nguo duniani, walikubali kununua haki zake: mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers iliafiki kulipa pauni 100,000. Simulizi inayopendwa huko kwao ni kwamba fedha hizo ndizo zilizomwezesha mwanawe, Kiichiro, kuanza magari.

Kiichiro alikuwa mhandisi, lakini alianza kama fundi yeyote wa chini ya mti: alinunua Chevrolet akaifungua vipandevipande ili aone imekaaje. Wakati huo Ford walikuwa wanaunganisha magari Yokohama na General Motors Osaka, kwa hiyo maduka ya Japani yalijaa spea za Kimarekani. Injini yake ya kwanza ikafuata ile ya Chevrolet kwa ukaribu kiasi kwamba baadhi ya vipuri viliingiliana. Lori la kwanza, G1, lilitoka mwaka 1935, na wateja wake hawakuwa na raha. Liliharibika likiwa njiani kwenda Tokyo kwenye uzinduzi wake lenyewe, na yaliyouzwa mwanzoni yaliharibika mara kwa mara hata kampuni ikawa inatuma mafundi kuyafuata yalikokwama. Sifa ya "gari gumu" ambayo leo inatajwa Kinampanda kama sifa ya kuzaliwa ilitafutwa kwa jasho, na walioanza kuitafuta walikuwa wanasukuma lori barabarani.

Mwaka 1936 jina likabadilishwa kutoka Toyoda kuwa Toyota. Kwa mwandiko wa Kijapani, Toyota huandikwa kwa mikwaju minane, na nane kwao ni namba ya heri. Tarehe 28 Agosti 1937 kampuni ikasajiliwa. Vita vikaja, vikapita, na kufikia mwaka 1950 ilikuwa inachungulia kaburi: madeni, mgomo, wafanyakazi wakipunguzwa. Kiichiro akajiuzulu. Wiki chache baadaye vita vya Korea vikalipuka, na jeshi la Marekani likahitaji malori haraka kutoka mahali pa karibu. Toyota ikapata oda ya maelfu. Kiichiro alifariki mwaka 1952.

Kilichoanza miaka hiyohiyo ndicho kinachotuhusu zaidi sisi wa milimani. Mwaka 1951 Toyota ilichukua injini ya lori ya silinda sita, ikaipachika kwenye kigari cha mtindo wa jipu, na dereva wa majaribio, Ichiro Taira, akakipandisha Mlima Fuji hadi kituo cha sita. Polisi wa Japani wakaagiza. Lakini jina Jeep lilikuwa na mwenyewe. Mwaka 1954 Hanji Umehara, mkuu wa ufundi, akachagua Land Cruiser, kwa hoja kwamba jina lisipungukiwe heshima mbele ya lile la mshindani wa Kiingereza, Land Rover.

Na huku kwetu Land Rover ndiyo iliyokuwa mfalme. Ilikuwa ya DC, ya wamisionari, kisha ikawa ya TANU. Kinampanda palikuwa pa misheni: Walutheri wa Augustana kutoka Marekani ndio waliofanya kazi Iramba na Singida, na chuo cha ualimu kinachojulikana nchi nzima kina mizizi hiyo. Magari yalikuwa machache, na yenye shughuli maalumu. Raia wa kawaida kumiliki gari lake hapa, hilo lilikuwa jambo la kusimuliwa.

Miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980 mambo yakawa magumu zaidi. Mafuta yalipanda, fedha za kigeni zikakauka, na ikafika mahali gari binafsi likawa marufuku kutembea Jumapili mchana bila kibali. Mlango ulifunguliwa na bajeti ya 1984, iliyomruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa amezipata wapi. Pikapu ndizo zilizokuja kwa wingi, na nyingi zilitoka Japani.

Kwa nini Japani na si kwingineko? Hapa sifa zote za ubora ziwekwe pembeni kidogo. Wajapani wanaendesha kushoto kama sisi, usukani uko kulia. Halafu wana ukaguzi mkali wa serikali: gari jipya hukaguliwa likifikisha miaka mitatu, baada ya hapo kila miaka miwili, na gharama yake inauma kadiri gari linavyozeeka. Mtu wa Nagoya anaona afadhali aliachie. Gari analoliona kuukuu, bandari ya Dar es Salaam inalipokea kama bibi harusi.

Mlango wa pili ulikuwa wa serikali na wafadhili. Toyota ilikuwa na wakala mwenye mizizi mirefu, ukoo wa Karimjee Jivanjee ulioanzia biashara Unguja, walewale ambao jengo lao Dar es Salaam lilikuja kuwa ukumbi wa Bunge. Mashirika ya kimataifa nayo yalipata kituo chao Gibraltar, ambako Land Cruiser nyeupe huandaliwa kwa oda na kusafirishwa hadi kwenye miradi. Ndizo hizi tunazoziona na namba za DFP, yaani za miradi ya wafadhili. Zile za kifahari tukazipa jina letu wenyewe, mashangingi, na Mizengo Pinda alipokuwa Waziri Mkuu aliyapigia kelele hadharani kwa gharama zake. Kelele zilipita, mashangingi yapo.

Barabara ndiyo iliyotoa hukumu. Kabla lami haijafika, mabasi mengi ya Dar es Salaam kwenda Mwanza yalikuwa yanazunguka Nairobi, nchi ya watu, kuliko kukabili njia ya kati. Kutoka Misigiri kwenda Shelui unateremka mlima Sekenke, ambao madereva wa malori wanautaja kwa kushusha sauti. Gari lililozoea njia hizo wakati wa vumbi na tope lilipata jina bila tangazo.

Ukikaa na wamiliki leo utagundua kwamba hawaisifii Toyota kwa jumla. Wanachambua. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo wala kompyuta ya kuitawala, inazungumzwa kama ng'ombe wa mahari. Injini za VVT-i za petroli zinaaminika. Ukitaja D4, watu wanaguna. Huo ni mfumo wa kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu yenye shinikizo kubwa, Toyota ilianza nao miaka ya 1990 kwa ajili ya petroli safi ya Japani. Hapa petroli nyingine inauzwa kwenye chupa za maji kando ya barabara. Dalali anayeuza Noah ya D4 huanza kwa kusema, "Hii siyo D4," kabla hujamwuliza.

Lawama nyingine hazifiki kwa wenye kampuni kabisa. Mwaka 2009 na 2010 Toyota iliita mamilioni ya magari yarudi kurekebishwa kwa sababu ya pedali za mafuta na mazulia ya sakafuni. Kisha ikaja kadhia ya mifuko ya hewa yenye kasoro ya kampuni ya Takata, iliyoyagusa makampuni mengi, Toyota ikiwamo. Barua ya kuitwa inamfuata mmiliki aliyesajiliwa. Gari likishavuka bahari, barua haina anwani ya Kinampanda. Hili naliona ni pengo kubwa kuliko D4, na vijiweni silisikii likisemwa. Kinachosemwa ni kodi. Utani wa hapa ni kwamba kuanzia mwaka 2021, kwa miaka kadhaa, aliyesimama bungeni kusoma bajeti, na ushuru wa magari ukiwamo, alikuwa mbunge wao wenyewe, Mwigulu Nchemba.

Spea zenyewe zina safari yake. Fundi anapiga simu Kariakoo, anatuma picha ya kifaa kilichokufa, mwenye gari anatuma hela kwa simu. Jioni kifurushi kinapakiwa kwenye basi la Mwanza, kimeandikwa jina kwa kalamu nzito. Kesho kinashushwa Misigiri, bodaboda anakichukua. Kinaweza kuwa cha Kijapani halisi, kinaweza kuwa feki chenye boksi zuri kuliko halisi. Fundi hukipima kwa mkono, hukigonga kwa kucha, hukinusa.

Gereji niliyokaa mchana mmoja haina ukuta, ni mwembe na gogo la kukalia. Fundi alikuwa chini ya Hilux ya namba A, mikono tu ndiyo inayoonekana. "Niletee kumi na mbili," alimwambia kijana wake. Baadaye: "Kumi na nne." Aliponyanyuka alinionyesha spana nne zilizopangwa juu ya gunia, kumi, kumi na mbili, kumi na nne, kumi na saba. "Toyota naifungua karibu yote kwa hizi, bosi. Hizo nyingine nimenunua mapambo."

Kisha likaingia gari jingine, namba E, linang'aa, taa ya njano inawaka kwenye dashibodi. Fundi akafungua boneti. Juu ya injini kulikuwa na mfuniko mweusi wa plastiki, umekaa kimya kama kifuniko cha sufuria. Akauinua, akachungulia, akaurudisha taratibu bila kushika spana yoyote.

"Hii ikapimwe kwa kompyuta, Singida mjini," alisema.

"Lakini fundi," mwenye gari akauliza, "si Toyota hii?"

"Ni Toyota, mzee," fundi akajibu, huku anafuta mikono. Akarudi chini ya Hilux.