Nintendo Labo

Nintendo Labo ni vifaa vya kadibodi ambavyo mtoto hujiundia mwenyewe na kuvitumia pamoja na Nintendo Switch, mashine ya michezo ya video. Kampuni ya Nintendo ya Japani ilivitangaza Januari 2018 na kuanza kuviuza Aprili mwaka huo. Seti moja ya mwanzo ilikuwa na piano, fimbo ya kuvulia samaki, nyumba, usukani wa pikipiki na vigari. Seti ya roboti ilitoka pamoja nayo; baadaye zikaja za vyombo vya usafiri na, mwaka 2019, miwani ya uhalisia pepe.

Mtoto hubandua vipande vilivyokwisha kukatwa, akavikunja kwa kufuata maelekezo ya kwenye skrini, bila mkasi wala gundi. Ufundi wenyewe unaonekana hasa kwenye piano: kila kibonyezo kina stika inayoakisi mwanga, na kikibonyezwa, stika hiyo hujitokeza mbele ya kamera ya infraredi iliyo katika kidhibiti cha kulia cha Switch, nayo mashine ikatoa sauti yake. Kigari nacho hakina magurudumu. Hutambaa kwa mtetemo wa vidhibiti viwili vilivyochomekwa ubavuni. Aliyemaliza kuunda vya seti huweza kubuni vyake kwa programu ya Toy-Con Garage.