Nani Ashike Ufunguo wa Makumbusho?

Somo la Historia kwa Madarasa ya Watu Wazima

Ikiwa kila mtu amekwisha kukaa, na daftari iko mbele yake, basi tuanze.

Wazee wetu walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Methali hii tumezoea kuitumia katika mambo ya fedha na biashara. Leo tutaitumia kwa mali ya namna nyingine, yaani kumbukumbu za watu. Tutasoma habari za Wamarekani weusi waliosimamia maktaba na majumba ya makumbusho. Jumba la makumbusho ni nyumba ya kutunzia vitu vya kale, ili watu waje kuvitazama na kujifunza. Swali letu ni hili: ikiwa ufunguo wa nyumba hiyo umo mikononi mwa watu wengine siku zote, habari zako wewe zitatunzwa na nani?

Kwanza tukumbuke hali ilivyokuwa. Utumwa ulikomeshwa katika nchi yote ya Marekani mwaka 1865. Kabla ya hapo, katika majimbo kadhaa ya kusini, sheria ilikataza kumfundisha mtumwa kusoma na kuandika. Ninyi mnaojifunza kusoma mkiwa watu wazima mnaweza kuelewa upesi maana ya sheria hiyo. Mtu asiyejua kuandika huandikiwa na mwingine. Kwa hiyo habari nyingi za watumwa ziliandikwa na wale waliowamiliki, nao waliandika yale waliyotaka yajulikane.

Sasa sikilizeni habari za Arturo Schomburg. Alizaliwa mwaka 1874 katika kisiwa cha Puerto Rico. Mama yake alikuwa mkunga, mwanamke mweusi. Inasimuliwa kwamba alipokuwa mtoto shuleni, mwalimu mmoja alimwambia ya kuwa watu weusi hawana historia, wala hawana mashujaa. Kijana hakusahau neno lile. Mwaka 1891 alihamia New York, na baadaye akapata kazi katika benki, katika idara ya barua. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Mchana alifanya kazi yake ya benki, na wakati wake wa mapumziko alitafuta vitabu vya zamani vilivyoandikwa na watu weusi, au vilivyoeleza habari zao. Alinunua vitabu, barua, picha na magazeti, kimoja kimoja, kwa mshahara wa karani. Haba na haba hujaza kibaba. Mwaka 1911 yeye na rafiki yake John Edward Bruce waliunda chama cha kuchunguza historia ya watu weusi.

Miaka ilipita, na nyumba yake ikajaa vitabu. Hapo ndipo lilipokuja jambo la kufikiri. Je, vitabu hivi vibaki nyumbani kwake? Moto ungeweza kuviunguza. Warithi wangeweza kuvigawanya na kuviuza. Tena, kitabu kilichofungiwa nyumbani kwa mtu mmoja hakiwafundishi wengi. Mwaka 1926 shirika la Carnegie lilitoa dola 10,000, na vitabu hivyo vikanunuliwa kwa ajili ya maktaba ya umma ya New York, katika tawi lake la mtaa wa 135, Harlem, mahali walipokaa watu weusi wengi. Vitabu peke yake vilikuwa zaidi ya 5,000. Schomburg alitumia fedha alizolipwa kusafiri katika nchi za Ulaya, kama Hispania na Ufaransa, akatafuta vitabu vingine. Mwaka 1932 maktaba ile ilimwajiri awe mtunzaji wa vitu vile vile alivyovikusanya, naye akaifanya kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1938. Mwaka 1940 mkusanyo ule ulipewa jina lake.

Lakini kukusanya ni kazi moja, na kutunza ni kazi nyingine. Mwaka 1948 kazi ya kusimamia mkusanyo ilishikwa na mama mmoja, Jean Blackwell Hutson, naye aliifanya mpaka mwaka 1980. Wasomaji walizidi kuongezeka, jengo likawa dogo, na karatasi za kale zikazidi kuchakaa. Mama huyu aliomba fedha mwaka baada ya mwaka ili lijengwe jengo jipya. Katika mwaka 1964 na 1965 alikwenda Ghana kusaidia kujenga mkusanyo wa vitabu vya Afrika katika chuo kikuu cha nchi ile. Jengo jipya la Harlem lilifunguliwa mwaka 1980. Tazameni basi: tangu vitabu viliponunuliwa mpaka vilipopata nyumba ya kuvifaa, ilipita miaka 54.

Sasa twende katika mji wa Chicago. Huko aliishi mwalimu wa shule, Margaret Burroughs, ambaye pia alikuwa mchoraji. Yeye na mumewe Charles walitazama majumba makubwa ya makumbusho ya mji wao, wakaona kwamba habari za watu weusi hazipewi nafasi yake. Hawakungoja waalikwe. Mwaka 1961 walifungua makumbusho ndani ya nyumba yao wenyewe, katika barabara ya Michigan Kusini. Fikirini, ndugu zangu: vyumba vya kukaribishia wageni vikawa vyumba vya kufundishia watu historia. Mwaka 1968 makumbusho yalipewa jina la DuSable, kwa heshima ya mfanya biashara mweusi aliyejenga makao mahali pale kabla mji wa Chicago haujakuwako. Mwaka 1973 yakahamia katika jengo kubwa ndani ya bustani ya Washington. Burroughs hakukaa na ujuzi wake peke yake. Pamoja na daktari Charles Wright, aliyeanzisha makumbusho kama hayo mjini Detroit mwaka 1965, aliwakusanya watunzaji wenzake, na mwaka 1978 ukaundwa umoja wa makumbusho ya watu weusi.

Mtu wa tatu ni John Kinard. Huyu alikuwa mchungaji, naye aliwahi kufika katika nchi zetu. Mwaka 1962 alikuja Tanganyika pamoja na vijana wa Operation Crossroads Africa, wakafanya kazi ya ujenzi bega kwa bega na wanafunzi. Aliporudi kwao, alifanya kazi ya kuwasaidia watu wa mitaa maskini mjini Washington. Siku zile taasisi kubwa ya Smithsonian, yenye makumbusho mengi katika mji ule, ilitaka kuwafikia watu wasioingia katika majumba yake. Ilichagua mtaa wa Anacostia, ng'ambo ya mto, ikachukua jumba la sinema la zamani, na Kinard akawekwa kuwa mkuu wake. Makumbusho hayo yalifunguliwa mwezi Septemba 1967. Kinard hakuwa na mafunzo ya kazi ya makumbusho, lakini aliwafahamu watu.

Mnadhani aliwaonyesha nini? Mwaka 1969 aliwaonyesha habari za panya! Msicheke, ndugu zangu. Mtaa ule ulisumbuliwa na panya. Panya huleta maradhi na huharibu chakula. Kinard aliona ya kuwa nyumba ya elimu isiyojali shida ya jirani zake haina faida kwao. Basi maonyesho yale yalieleza jinsi panya anavyoishi, madhara anayoleta, na namna ya kupambana naye. Wako watu walioona kwamba jambo kama hilo haliistahili nyumba ya makumbusho, lakini wale waliolala na panya chumba kimoja walijua thamani yake. Kinard aliongoza makumbusho yale mpaka alipofariki mwaka 1989.

Mwisho, tutazame jambo lililochukua muda mrefu kuliko yote. Mwaka 1915 askari wazee weusi, waliopigana katika vita vilivyoleta mwisho wa utumwa, walikutana Washington, nao wakataka liwepo jengo la kumbukumbu ya watu wao. Mwaka 1929 sheria ilipitishwa, lakini fedha za serikali hazikutolewa. Sheria nyingine ilipitishwa mwaka 2003. Mwaka 2005 Lonnie Bunch, mwanahistoria mweusi, alichaguliwa kuwa mkurugenzi, naye alianza bila jengo na bila vitu vya kuonyesha. Aliwaomba watu watazame katika masanduku yao na katika vyumba vya juu vya nyumba zao. Watu wakaleta. Makumbusho ya taifa ya historia ya Wamarekani weusi yalifunguliwa tarehe 24 Septemba 2016. Mwaka 2019 Bunch alifanywa mkuu wa taasisi yote ya Smithsonian, mtu mweusi wa kwanza kushika kazi hiyo.

Katika makumbusho hayo viliwekwa vipande vya chuma vilivyotoka katika jahazi la Wareno, São José. Vilikuwa farumi, yaani uzito wa kukifanya chombo kisipinduke. Jahazi hilo liliondoka Msumbiji likiwa na watumwa zaidi ya 400, likavunjika karibu na Cape Town mwezi Desemba 1794. Karibu nusu yao walikufa maji. Hao walikuwa watu wa upande wetu wa Afrika. Majina yao hayakutunzwa, bali chuma kilibaki.

Basi tumejifunza nini? Karani wa barua, mtunzaji wa vitabu, mwalimu wa shule, mchungaji na mwanahistoria: kila mmoja aliona kitu cha watu wake kinapotea, akakishika. Ninyi nanyi mmekwisha kujua kuandika. Katika kijiji chako yuko mzee anayejua jinsi mahali penu palivyopata jina lake. Mzee huyo hatakungoja daima.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini wenye watumwa hawakutaka watumwa wajue kusoma?
2. Je, Schomburg alifanya vema kuviuza vitabu vyake kwa maktaba ya umma? Toa sababu.
3. Ungekuwa wewe Kinard, ungeonyesha jambo gani katika mtaa wako?
4. Kazi ya nyumbani: mwulize mzee mmoja habari moja ya zamani. Iandike kwa sentensi tano, uandike na jina lake na tarehe, kisha ulete darasani.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.