Nani Analipa? Historia Fupi ya Pesa ya Matangazo Mtandaoni



Insha ya leo imetokana na deni. Mwaka jana sisi wajitoleaji wa darasa la kompyuta tulitumiwa linki: fungua akaunti, tazama matangazo kila siku, upokee pesa. Tukaijaribu, ikatulipa shilingi 300. Basi tukaisambaza darasani. Wiki ya tatu ikadai kila mtu alipe shilingi 2,000 ili apandishwe daraja. Wengine walilipa. Mama mmoja wa bloki ya jirani alitoa pesa aliyoweka kwa ajili ya viatu vya shule vya mtoto. Baada ya siku chache tovuti ikafungwa na namba haikupatikana tena. Hatukuiba sisi, lakini midomo iliyoisifu ilikuwa yetu.

Tulipokaa chini tukaona kosa letu: hatukuwahi kuuliza pesa ile inatoka kwa nani. Swali hilo lina historia, na tumeisoma ili tusidanganyike tena.

Tangazo la picha la kubofya lilianza kujulikana tarehe 27 Oktoba 1994 huko Marekani, kwenye jarida la mtandaoni liitwalo HotWired. Mmoja wa waliolipia alikuwa kampuni ya simu ya AT&T. Angalieni mpangilio: mwenye biashara alilipa, mwenye ukurasa akapokea, msomaji akasoma bure. Mwaka huo Kakuma ilikuwa na umri wa miaka miwili tu, na Nyarugusu ilikuwa bado haijafunguliwa.

Mwanzoni mwenye biashara alilipia nafasi, kama mtu anayelipia ukuta wa duka aandike jina lake. Watu wabofye wasibofye, pesa imekwenda. Mwaka 1998 Bill Gross wa California alileta tovuti ya kutafutia iliyoitwa GoTo.com. Hapo wenye biashara walishindana bei kwa kila neno, na walilipa pale tu mtu anapobofya. Oktoba 2000 Google nayo ikaanzisha AdWords, ikiwa na wateja 350. Baadaye nayo ikashika njia ya kulipisha kwa kubofya.

Mlango wa watu wa kawaida ulifunguliwa mwaka 2003, AdSense ilipoanza. Mtu mwenye ukurasa wake mdogo wa mapishi au mpira aliweza kuruhusu matangazo, kisha akagawana mapato na Google. YouTube ilianza 2005, ikanunuliwa na Google 2006 kwa dola bilioni 1.65, na 2007 ikaanza kuwagawia baadhi ya watengeneza video. Kwa video ndefu mtengenezaji hupata asilimia 55 ya pesa ya matangazo.

Na sisi huku je? Intaneti ya Afrika Mashariki ilitegemea zaidi setilaiti, na ilikuwa ghali mno. Mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zikafika Mombasa. M-Pesa ilikuwa imeanza 2007. Vitu hivyo viwili ndivyo vilivyofanya kijana mwenye simu na bando aanze kuota kazi ya mtandaoni.

Kitu kimoja kilitugusa. Sergey Brin, mmoja wa waanzilishi wa Google, aliondoka Urusi ya Kisovieti na wazazi wake mwaka 1979 akiwa mtoto mdogo, kwa sababu Wayahudi walibaguliwa kule. Shirika la HIAS liliwasaidia kufika Marekani, na mwaka 2009 yeye akalirudishia dola milioni moja. Hatusemi kila mtoto wa kambini atakuwa Brin. Baba yake alikuwa mwanahisabati, na walipata nchi iliyowapokea wakasoma. Tunasema tu kwamba akili haibaki mpakani mtu akivuka.

Sasa tuongee ukweli, jameni. Toka 2018 YouTube ilidai wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 kabla ya kugawa pesa ya matangazo. AdSense hailipi mpaka salio lifike dola 100, na hutuma barua ya posta yenye namba ya siri ili kuthibitisha anwani. Nani kati yetu ana sanduku la posta? Wengi hata laini ya simu imeandikishwa kwa jina la mtu mwingine. Kwa hiyo pesa hii ipo, ila haiji haraka, na anayesema itakuja wiki ijayo anataka ya kwako.

Tena, pesa ya matangazo haili mwenye chaneli peke yake. Kuna anayechora bango, anayekata video, anayeandika maneno, anayejenga tovuti, na anayehesabu tangazo lipi limeleta wateja. Kijana mmoja wa darasa letu anachora mabango ya maduka ya hapa sokoni kwa simu yake. Analipwa kidogo, lakini analipwa na mwenye duka, na mwenye duka tunamjua. Huo ndio mwanzo wa kazi ya teknolojia tunaouamini: ujuzi kwanza, chaneli baadaye.

Kwa nyie wa mashirika, tunaomba mawili. Msitufundishe kwa siku tatu mkaita ajira. Tuambieni itachukua miezi mingapi. Na mtusaidie na vitambulisho, maana bila jina lako kwenye laini, hata pesa halali inakuwa ya mwingine.

Mama yule tumeanza kumrudishia kidogo kidogo kutoka posho yetu. Imebaki shilingi 600. Na darasani, kabla ya kufungua linki yoyote, siku hizi tunauliza kwa sauti: nani analipa? Ukiona ni wewe, funga simu.

Mwenye swali aje darasani, milango iko wazi baada ya saa nane.