Chakula cha Mbwa cha Dukani: Geuza Mfuko, Soma Nyuma Kabla ya Kulipa

Mfuko wa chakula cha mbwa una pande mbili. Mbele kuna picha ya mnofu mwekundu, karoti mbili tatu na mbwa anayeng'aa manyoya. Nyuma, karibu na mshono, kuna maandishi madogo ambayo wengi wetu tunayapita tukikimbilia kuuliza bei. Habari yenyewe iko huko nyuma, na kuisoma hakuhitaji uwe daktari wa mifugo.

Anza na orodha ya viambato. Kwa kanuni za Marekani na Ulaya, viambato hupangwa kwa uzito, kizito zaidi kinatangulia. Ila hapa pana mtego. Uzito huo ni wa kabla ya kupika na kukausha, na nyama mbichi ya kuku karibu asilimia 70 ni maji. Kilo moja ikishakaushwa inabaki kama gramu 300 hivi. Mahindi yenyewe huingia kiwandani yakiwa makavu tayari, kwa hiyo hayapungui sana. Kumbe mfuko uliotanguliza kuku na kufuatisha mahindi unaweza kuwa na mahindi mengi kuliko kuku pale unapomimina kwenye bakuli.

Ndiyo maana usidharau maneno "chicken meal". Huo ni unga wa kuku aliyepikwa, akatolewa maji na mafuta mengi. Jina halina mvuto, lakini kwa uzito uleule una protini nyingi kuliko kuku mbichi. Wasiwasi uanze pale mnyama asipotajwa. "Meat meal" au "animal derivatives" haikwambii kama ni ng'ombe, kuku au nguruwe, na mchanganyiko unaweza kubadilika toleo hadi toleo. Mbwa mwenye mzio atajikuna bila wewe kujua sababu. Na kama nyumba yako haitaki nguruwe ndani, mfuko wa namna hiyo hauwezi kukuhakikishia.

Mtego mwingine ni kuligawa zao moja. Utasoma kuku, halafu mahindi, halafu pumba za mahindi, halafu gluteni ya mahindi. Kila kimoja peke yake ni chepesi kuliko kuku, ndiyo maana kuku anakaa juu. Tuseme kuku ni asilimia 20, mahindi 15, pumba 10 na gluteni 10. Jumlisha vya mahindi: 35. Hicho ni chakula cha mahindi chenye kuku ndani yake.

Hata jina la chakula lina hesabu. Marekani kuna AAFCO, chama cha maofisa wanaosimamia vyakula vya mifugo, ambacho kimeweka kanuni zinazofuatwa na majimbo mengi. Mfuko ukiitwa "Beef Dog Food", nyama ya ng'ombe iwe walau asilimia 95 bila kuhesabu maji ya kutengenezea. Ukiitwa "Beef Dinner", inatosha asilimia 25. Ukiandikwa "with Beef", asilimia 3 tu. Na "Beef Flavor" ni ladha, hakuna kiwango cha nyama kilichowekwa. Neno moja dogo limetutoa kwenye 95 hadi 3! Kwa mifuko ya Marekani inayofika kwetu, hapo ndipo pa kukodolea macho.

Kuna kitu kimoja ambacho huwa kinasemwa vibaya bila sababu, nacho ni viungo vya ndani. Katika nchi ambazo watu hawali utumbo, maneno "by-products" yanawatisha. Sisi tunaokunywa supu ya utumbo na kugombania maini hatuna haja ya kushtuka. Maini, figo na bandama vina madini na vitamini kuliko mnofu. Cha kuuliza ni vya mnyama gani.

Nafaka nazo zimepakaziwa. Mbwa si simba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Nature ulionyesha kuwa mbwa wa kufugwa ana nakala nyingi za jeni ya kusaga wanga kuliko mbwa mwitu aliyetokana naye. Wanga uliopikwa vizuri anaumeng'enya bila shida. Vyakula "visivyo na nafaka" hujazwa dengu, njegere au viazi badala yake, na mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilianza kuchunguza kama vinahusiana na ugonjwa wa moyo kwa mbwa. Chanzo hakijathibitishwa, lakini kulipa zaidi ili ukwepe mchele ni kutupa hela.

Sasa asilimia ya protini. AAFCO inataka walau asilimia 18 kwa mbwa mkubwa na 22.5 kwa mtoto wa mbwa, ikihesabiwa kwenye chakula kisicho na maji. Hapo mwisho ndipo watu wanapokosea. Kopo lenye protini asilimia 8 na maji asilimia 78 linaonekana duni mbele ya mfuko mkavu wenye protini 24 na maji 10. Toa maji kwanza. Kopo: 8 gawanya kwa 22, ni kama asilimia 36. Mfuko: 24 gawanya kwa 90, ni kama 27. Kopo limeshinda.

Lakini namba hiyo nayo inaweza kudanganywa. Maabara hupima naitrojeni, kisha huizidisha ili kukadiria protini. Machi 2007 kampuni ya Menu Foods ya Kanada ililazimika kuondoa sokoni makopo na pakiti zaidi ya milioni 60. Gluteni ya ngano iliyotoka China ilikuwa imetiwa melamini, kemikali inayotumika kutengeneza sahani za plastiki. Melamini ina naitrojeni nyingi, kwa hiyo kwenye kipimo ilionekana ni protini. Mbwa na paka waliokula waliharibika figo, wengi wakafa. Namba kubwa inasema kiasi tu, haisemi imetoka kwenye nini.

Kwa chakula cha unga cha hapa kwetu, kile cha kupikia ugali wa mbwa, tazama pia jivu. Jivu likiwa juu sana, mara nyingi kuna mifupa mingi, au dagaa walioanikwa chini wakaja na mchanga wao. Tia kiganja kimoja kwenye glasi ya maji, koroga, acha kitulie. Chembe za mchanga utazisikia kwa kidole chini ya glasi.

Mchanga hautamuua. Kinachoua ni sumukuvu, yaani aflatoksini, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi, karanga na mashudu yasiyokaushwa vizuri. Tunaifahamu. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, na mwaka 2016 ikaua watu kwenye mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania. Mbwa ni dhaifu zaidi mbele yake. Mwishoni mwa 2020 kampuni ya Marekani ya Midwestern Pet Foods iliondoa sokoni vyakula vyake vya Sportmix, na hadi Januari 2021 FDA ilikuwa imepokea taarifa za vifo zaidi ya 110. Kama viwanda vyenye maabara vinapitiwa, fikiria unga uliosagwa bila kupimwa.

Jambo baya zaidi ni kwamba mahindi yenye sumukuvu yakikobolewa, sehemu kubwa ya sumu huishia kwenye pumba, na pumba ndizo zinazokwenda kwenye chakula cha mifugo. Kupika hakuiondoi. Kunusa kunasaidia, maana chakula chenye harufu ya uvundo au mafuta yaliyochacha hakifai kabisa, lakini kisichonuka hakijasafishwa na pua yako.

Kwa hiyo ule mtindo wa kupimiwa kilo mbili kutoka kwenye gunia lililo wazi dukani ni wa hatari, hata kama ni bei chee. Hakuna tarehe, hakuna namba ya toleo, hakuna jina la kiwanda, na hujui gunia limekaa wazi msimu gani wa mvua. Kama fedha ni kidogo, nunua mfuko mdogo uliofungwa, wenye alama ya TBS au KEBS na tarehe inayosomeka. Nyumbani usiuweke sakafuni, na usimimine chakula kipya juu ya masalia ya zamani.

Kabla hujalipa, tafuta neno moja la mwisho. "Complete" maana yake kinaweza kuwa mlo wake wa kila siku, na pembeni iandikwe ni cha umri gani. "Complementary" ni cha kuongezea tu. Mtoto wa mbwa wa aina kubwa usimlishe chochote ilimradi kina kalsiamu nyingi, maana ikizidi huharibu mifupa inayokua.

Mbwa akigoma kula ghafla baada ya kubadilisha chakula, akawa mnyonge, akatapika, au fizi na weupe wa macho vikawa vya njano, acha chakula hicho siku hiyohiyo na umpeleke kwa daktari wa mifugo. Beba mfuko pamoja na kilichobaki ndani yake, maana namba ya toleo iko hapo na maabara itahitaji cha kupima.