Susu Hakunifundisha

Jumamosi moja mwaka jana, pale kwenye maegesho ya Mahakama Kuu ambapo Maasai Market hutandikwa wikendi, mama mmoja alichukua hereni zangu za shaba akazipimapima mkononi kama anayechagua nyanya. Akaniuliza, "Lakini hizi ni za kienyeji kabisa?" Nikamwambia ndiyo. Halafu, bila kuulizwa, nikaongeza kwamba nilifundishwa na susu wangu kule Mwala. Akatoa mia nane bila kubishana. Bei yangu ya kawaida ilikuwa mia tano.

Ulikuwa uongo mtupu. Susu, mama ya mama yangu, hajawahi kukunja waya wa hereni hata siku moja. Mimi nilijifunza kwa video za simu, kwa chumba cha rafiki huko Kahawa, mwaka ule nilioacha chuo nikiwa mwaka wa tatu kwa sababu karo ilikataa kupatikana. Mchana nilikuwa naandikia watu makala za mtandaoni kwa senti kidogo, usiku nakunja shaba. Shaba zikaanza kulipa kuliko makala.

Kilichonisumbua usiku ule si uongo wenyewe. Kila mtu sokoni ana hadithi yake. Kilichonisumbua ni zile mia tatu za juu. Hizo zililipwa kwa ajili ya susu, na susu mwenyewe hakujua ameuza kitu.

Basi nikaanza kujiuliza: kwa maegesho yale yote, ni nani angepita mtihani wa yule mama?

Nilianza na jirani yangu wa kulia, mzee anayeuza vinyago. Ana twiga, vifaru, vijiko vya saladi, na wale mashujaa wembamba wa Kimasai wenye mikuki. Ukimsikia broka akiwaelezea watalii, utadhani twiga hao walichongwa tangu Mungu aumbe miti. Sasa, ni kweli Wakamba walikuwa wachongaji zamani. Walichonga viti vya wazee, miko, mizinga ya nyuki. Lakini hizo ni vitu vya kutumia. Hakuna mzee wa Kikamba wa karne ya 19 aliyeweka twiga wa mbao juu ya rafu. Hata rafu yenyewe hakuwa nayo.

Twiga alikuja na vita. Hadithi inayosimuliwa Wamunyu, kwenye barabara ya kutoka Machakos kwenda Kitui, ni ya Mutisya Munge, mchongaji wa hapo aliyejikuta upande wa Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, nchi hiyo ilipokuwa bado ya Wajerumani. Huko akawaona watu wanaochonga sanamu. Wengine wanasema walikuwa Wazaramo, wengine wanasema Wamakonde, na ukitaka ugomvi Wamunyu chagua upande mmoja. Akaangalia, akajifunza, akarudi nyumbani na ujuzi huo. Akaanza kuchonga sanamu za kuwauzia Wazungu, akawafundisha jamaa zake, majirani nao wakachungulia. Vita vya Pili vilipokuja, Kenya ikajaa wanajeshi wa kigeni waliotaka kitu cha kubeba kwao, biashara ikafura. Kufikia mwaka 1958 ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwanauchumi Walter Elkan aliandika makala nzima ya kitaaluma kuhusu biashara ya vinyago Afrika Mashariki.

Soma tena hiyo hadithi polepole. Mtu anapelekwa mbali na kwao kwa shughuli ambayo hakuichagua, anaona wenzake wa nchi nyingine wakifanya kitu, anaiga, anarudi nacho, kinamlipa. Tofauti yake na mimi ni kwamba mimi nilitumia bando.

Na kwa nini Wamunyu? Kwa sababu kule mvua ni ya kubahatisha, na serikali ya kikoloni ilikuwa imeleta kodi ya nyumba tangu mwanzo wa karne ya 20, kodi ambayo ilitaka pesa taslimu. Ng'ombe hukatwi kipande ukaenda nacho kwa afisa wa wilaya. Mtu alilima msimu wa mvua, na shamba likinyamaza akashika tezo. Baadaye kodi ilipoacha kuwa shida kubwa, karo ya watoto ikachukua nafasi yake. Kuchonga kulianza kama kazi ya pembeni na kwa familia nyingi kumebaki hivyo. Sisi tumeipa tu majina mapya.

Jirani yangu, kwa njia, alinionyesha siri ambayo si siri tena: twiga wengi "wa mpingo" pale ni mti mwingine uliosuguliwa kwa rangi nyeusi ya viatu. Alicheka sana akinionyesha. Lakini nyuma ya hicho kicheko kuna jambo zito. Mpingo na muhugu vilichongwa mpaka vikawa haba. Chama cha ushirika cha wachongaji kule Changamwe, Mombasa, kilichoanzishwa mwaka 1963, kilikula magogo mengi sana miaka hiyo ya watalii, na kufikia miaka ya 1990 wachongaji walikuwa wanahimizwa wahamie mwarobaini, mwembe na mjakaranda, miti inayokua haraka mashambani. Kwa hivyo twiga wako wa asili ana mwili wa mwarobaini, mti uliotoka Bara Hindi. Na bado ni twiga mzuri. Mimi ninaye mmoja.

Nikaendelea kuzunguka. Shanga za akina mama wa Kimasai, zile rangi saba unazoziona kila bango la utalii: vioo hivyo vilikuja kwa misafara ya biashara kutoka pwani, vikiwa vimetengenezwa Venice na Bohemia, na hadi leo shanga bora zinatoka Jamhuri ya Czech, zile za bei nafuu Uchina. Kabla ya hapo walipamba kwa mbegu, mifupa, magamba na chuma. Sandali za ngozi na za matairi: nyingi hutengenezwa Kariokor, soko ambalo jina lake ni Carrier Corps iliyotamkwa na midomo yetu, kile kikosi cha wapagazi Waafrika ambao makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa na magonjwa kwenye vita hivyo hivyo vilivyomtoa Mutisya nyumbani. Watu hununua sandali pale kila siku na jina hilo limeandikwa juu ya vichwa vyao.

Nilibakisha kiondo. Kiondo nilikuwa na hakika nacho. Kama kuna kitu kitakachopita mtihani, nilijiambia, ni kiondo cha susu, ambaye tangu nizaliwe sijamwona akitembea mikono ikiwa mitupu. Anasokota uzi kwenye paja akiwa ameketi, anasuka akienda kisimani, anasuka akigombana.

Nikampigia. Nikamuuliza alifundishwa na nani.

"Kusuka nilifundishwa na mama," akasema. "Lakini ile ya kuuza hapana. Ile tuliletewa."

"Mliletewa na nani?"

"Na mnunuzi. Alikuja na sampuli."

Nikakaa chini.

Susu akanieleza, kwa utulivu wa mtu anayesimulia habari za mvua. Vyondo vya mama yake vilikuwa vya nyuzi za magome ya miti, vikubwa, vya kubebea mahindi na maharagwe, kamba inapita kwenye paji la uso. Katani ilikuja baadaye. (Katani nayo ina safari yake: asili yake ni Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida kwenda Tanganyika, ikafika hai 62. Kutoka mwanzo huo mdogo katani ikaenea mashambani Afrika Mashariki, na Ukambani ikawa ua wa kila boma.) Halafu miaka ya 1970 na 1980 kiondo kikawa fasheni Ulaya na Marekani. Wasichana wa huko walikibeba begani, si kwenye paji la uso, kwa hivyo kikahitaji mshipi wa ngozi. Walitaka kidogo zaidi, chenye mistari ya rangi fulani, kipana chini. Wanunuzi kutoka Nairobi wakawa wanakuja vijijini na sampuli na vipimo.

Akina mama walikuwa tayari wamejipanga. Ukambani kuna mwethya, kazi ya pamoja, ambayo ni ya zamani kweli. Wakoloni waliitumia kuchimbisha watu matuta ya kuzuia mmomonyoko, na baada ya uhuru akina mama wakaichukua wakaifanya vikundi vyao vya kujiinua. Kikundi cha susu kilikutana Jumatano. Walisuka pamoja, wakakagua kazi kwa rula, wakakataa kilichopinda. Nilimuuliza kama hakuona vibaya kuelekezwa na mtu wa nje jinsi ya kusuka kitu cha mamake.

"Mama yako alikuwa Form Two," akasema.

Hilo ndilo jibu lote nililopewa.

Kisha soko likaanguka. Viwanda vya Asia viliiga kiondo, vikatoa vya haraka na vya bei ya chini, na fasheni nayo haikai. Umewahi kusikia ile habari kwamba Wajapani waliiba hati ya kiondo; Wakenya huirudia kila mwaka mtandaoni kwa hasira mpya. Mimi nimechoka nayo, si kwa sababu wizi wa aina hiyo haupo, bali kwa sababu inatupa adui wa mbali. Aliyemuumiza susu alikuwa karibu zaidi. Mnunuzi wao aliagiza mzigo wa mwisho, akina mama wakasuka miezi mitatu, na hakurudi. Hakuandika barua. Hawakuwa na karatasi yoyote yenye jina lake kamili. Walikuwa na sampuli tu.

Hapa ndipo nilipojiona. Pale sokoni mabroka huleta mtalii kwenye mkeka wako, wanataja bei mara tatu ya uliyosema, wanachukua tofauti, na wewe unatabasamu kwa sababu Jumamosi ijayo utawahitaji. Mwaka jana duka moja lilichukua jozi arobaini za hereni zangu, "tutakulipa zikiuzwa." Nimeziona masikioni mwa watu. Pesa sijaziona. Nami sikuwa na karatasi.

Nilimwambia susu juu ya yule mama na uongo wangu. Nilitarajia anikemee. Akauliza tu hizo hereni zikoje, nikamwelezea: waya wa shaba, unausokota kama chemchemi, unaubana ukalala. Akanyamaza kidogo.

"Babu ya babu yako alifanya hiyo," akasema. "Kwa viti."

Nilienda kutafuta, na ni kweli kuhusu Wakamba kwa jumla, hata kama kuhusu babu ya babu yangu nina neno la susu peke yake. Viti vya wazee wa Kikamba vilipambwa kwa waya mwembamba wa shaba uliokunjwa na kugongwa ukaingia kwenye mbao, na mafundi wao walijulikana kwa mikufu myembamba ya chuma na shaba. Waya mwingi ulifika kwa misafara kutoka pwani, ile ile iliyoleta shanga, wakati Wakamba wenyewe walikuwa wafanyabiashara wakubwa wa pembe za ndovu. Nilikuwa nimedanganya, halafu uongo ukaenda ukazunguka ukarudi karibu na ukweli kupitia mlango ambao sikuujua. Sijui nihisi vipi juu ya hilo. Kwa sasa nahisi vizuri.

Mwezi wa nne nilienda Mwala. Ghalani, juu ya misumari, vilikuwa vinaning'inia vyondo vya oda ile. Vimejaa mbegu za maharagwe na kunde. Vilikuwa havijavaa mishipi ya ngozi kwa sababu mishipi ilikuwa ya kuwekwa Nairobi. Rangi imefifia kidogo, lakini ukikitia maji kile kiondo bado kinakaza nyuzi. Nikamwomba kimoja. Akamwaga mbegu, akakipangusa kwa khanga, akanipa, akataja bei. Ilikuwa elfu nne. Nikamwambia susu, sokoni vipya vinaenda elfu moja na nusu. Akaniangalia kama mtoto ambaye hajasikia.

Nilikitandika Jumamosi iliyofuata katikati ya hereni. Saa nane alikuja kijana wa rika langu, mkoba mgongoni, akakinyanyua. "Hii ni ya kienyeji?"

Nikamwambia kilisukwa Mwala miaka ya 1980, kwa vipimo vya mtu wa Nairobi, kwa ajili ya wasichana wa Ulaya, kwa katani iliyotoka Mexico, na aliyeagiza hakurudi kulipa. Nikamwambia aliyekisuka yuko hai na bei ni yake. Akauliza anaitwa nani, nikamtajia. Akabishana hadi elfu tatu, nikakataa, akaondoka. Saa kumi akarudi.

Nilituma zote elfu nne kwa M-Pesa, na ya kutolea juu. Dakika mbili baadaye simu ikalia.

"Zimefika," susu akasema. "Sasa vimebaki kumi na kimoja. Hivyo ni vyangu. Vya wenzangu bado sijavihesabu."