Gesi ya viyoyozi vya magari isiachiwe hewani

Fundi anayetengeneza kiyoyozi cha gari, awe Ifakara au kwingineko katika bonde la Kilombero, hapaswi kuachia gesi ya kupoozea hewani.

Tanzania iliridhia Itifaki ya Montreal mwaka 1993. Kanuni zilizo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 hudhibiti kemikali zinazoharibu tabaka la ozoni, ikiwamo R-12 ya magari ya zamani.

R-134a, iliyochukua nafasi yake, haiharibu ozoni. Hata hivyo, kilo moja inapovuja hupasha dunia joto sawa na zaidi ya kilo 1,000 za hewa ukaa.

Hivyo, gesi ya zamani hufyonzwa kwa mashine hadi kwenye mtungi, uvujaji huzibwa, ndipo mpya hujazwa. Kujaza bila kuziba ni hasara kwa mwenye gari pia.