Mwanamke Aliyekatwa Ziwa: Nani Alimwuliza Shauri?

Kila mwaka, tarehe 5 Februari, Kanisa lamkumbuka Mtakatifu Agata, bikira wa Catania katika kisiwa cha Sicilia, aliyekufa shahidi katika karne ya tatu. Mapokeo yasimulia kwamba watesi wake walimkata maziwa, na kwamba usiku Mtakatifu Petro alimjia gerezani akamponya vidonda vyake. Ndiyo sababu wanawake wenye ugonjwa wa ziwa humwomba Agata awaombee. Wakristo wa zamani hawakuona ni jambo dogo mwanamke kurudishiwa ziwa lake. Walijua kwamba kidonda cha mahali pale hakiumizi nyama tu.

Wasomaji wapendwa, leo twataka kuwasimulia jinsi waganga wa Ulaya na Marekani walivyopigana na kansa ya ziwa, na jinsi walivyojifunza polepole, tena kwa kuchelewa, kumwuliza mwanamke mwenyewe shauri lake.

Tuanze Paris, mwaka 1811. Fanny Burney, mwandishi Mwingereza mwenye miaka 59, alikuwa akikaa huko pamoja na mumewe Mfaransa. Ziwa lake la kuume likaugua. Waganga, na kati yao Larrey, mganga wa majeshi ya Napoleon, wakasema ni lazima kulikata. Siku zile dawa ya usingizi ilikuwa haijajulikana. Tena walimficha siku yenyewe: tarehe 30 Septemba akapata habari kwamba watafika siku ile ile. Akapewa kinywaji chenye divai, akafunikwa uso kwa kitambaa chembamba, na kisu akakisikia tangu mwanzo hata mwisho. Miezi mingi ikapita ndipo akaweza kumwandikia dada yake Esther habari hizo zote. Barua yake ingaliko, nayo yasomwa hata leo. Fanny alipona, akaishi mpaka mwaka 1840.

Mwaka 1846 dawa ya usingizi ilionyeshwa mbele ya watu huko Boston, na maumivu ya kisu yakapungua. Basi waganga wakawa hodari zaidi wa kukata. Mwaka 1894 Halsted, mganga wa Baltimore katika Marekani, alitangaza njia yake: kuondoa ziwa zima, na misuli ya kifua chini yake, na tezi za kwapani. Nia yake ilikuwa njema, yaani kung'oa kansa na mizizi yake. Lakini mwanamke alibaki na mifupa ya kifua iliyofunikwa na ngozi tu, na mara nyingi mkono wake ulivimba. Njia hiyo ilitawala karibu miaka 80.

Je, hakuna aliyefikiri kuwatengenezea wanawake hao ziwa jingine? Walikuwako. Mwaka 1895, huko Heidelberg, mganga Czerny alimkata ziwa mwanamke ambaye ugonjwa wake haukuwa kansa. Akachukua kivimbe cha mafuta kisicho na ubaya katika mwili wa mwanamke yule yule, akakihamisha kifuani kujaza mahali palipokuwa patupu. Mwaka 1906 Tansini, katika Italia, alionyesha jinsi ya kufunika kidonda kwa ngozi na msuli wa mgongoni. Lakini kazi yake ilisahauliwa. Waganga wengi walisema: mgonjwa ni mzima, ataka nini tena? Kumbe walikuwa wamehesabu mwili, hawakuhesabu mtu.

Waliogeuza mambo ni wanawake wenyewe. Mwaka 1952 mama mmoja wa New York, Terese Lasser, alikatwa ziwa. Alipopona akaanza kuwatembelea wanawake wengine hospitalini, akiwaonyesha jinsi ya kunyosha mkono, na jinsi ya kuvaa ziwa la bandia ndani ya nguo. Waganga wengine walimkasirikia, lakini hakuacha. Neno lake la kwanza lilikuwa mwili wake: wagonjwa walimwona mwanamke mwenye kovu kama lao, naye amesimama, amevaa vizuri, anacheka.

Siku zile desturi ilikuwa hivi: mwanamke alilazwa kwa ajili ya uvimbe mdogo, akalala usingizi wa dawa. Wakiona kansa, wakakata papo hapo. Akiamka, hutia mkono kifuani kutafuta kama ziwa lake liko. Rose Kushner, mwandishi wa magazeti, alipougua mwaka 1974, alikataa desturi hiyo. Alidai kwanza aelezwe ugonjwa wake, kisha achague. Mwaka ule ule Betty Ford, mke wa Rais wa Marekani, alikatwa ziwa, wala hakuficha. Wanawake wengi wakaenda kupimwa kwa sababu yake. Na mwaka 1985 uchunguzi wa mganga Fisher ulihakikisha kwamba, kansa ikiwa ndogo, kuondoa uvimbe tu na kuutibu kwa miali huponya sawa na kukata ziwa zima.

Wakati huohuo kazi ya kutengeneza ziwa ilisonga mbele. Mwaka 1962, huko Houston, vifuko vya silikoni vilitiwa kifuani mwa mwanamke mara ya kwanza, na mwaka 1971 waganga walieleza jinsi ya kuvitumia kwa waliokatwa ziwa kwa kansa. Mwaka 1982 Hartrampf wa Atlanta alieleza jinsi ya kutengeneza ziwa kwa ngozi na mafuta ya tumboni. Na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 yaagiza kwamba bima ikilipa gharama ya kukata ziwa, ilipe na ya kulitengeneza.

Lakini tusidanganyane. Ziwa jipya halinyonyeshi, na mara nyingi halisikii kama lile la kwanza. Kifuko cha silikoni hakidumu milele. Pengine yafaa kupasuliwa tena. Ziwa la nyama ya tumboni huacha kovu kubwa la pili. Ndiyo sababu wengine hawalitaki. Audre Lorde, mshairi wa New York aliyekatwa ziwa mwaka 1978, alikataa hata ziwa la bandia. Aliona kwamba wanaomhimiza alivae wanataka kutuliza macho yao wenyewe. Aliandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1980, na wanawake wengi wakapata nguvu ya kukaa na kifua chao kama kilivyo.

Sasa ni nani mwenye haki: atakaye ziwa jipya, au asiyelitaka? Wote wawili, mradi wameelezwa kweli, na mradi ni wao waliochagua. Yule wa kwanza si mwenye majivuno. Yule wa pili hajajikatia tamaa.

Kwa nini twawaandikia haya? Kwa sababu wako mama wanaosikia uvimbe na kunyamaza. Hawaogopi kisu tu. Waogopa mume atasema nini, na majirani watacheka nini. Wazee walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Basi ninyi waume, mke akikuonyesha uvimbe, mpeleke kwa mganga upesi, na tangu siku ile ajue kwamba ulimwoa yeye, hukuoa ziwa. Nanyi mama zetu, mkifika mbele ya mganga, ulizeni: utakata nini, kwa nini, na njia nyingine iko? Kuuliza si utovu wa adabu. Wenzenu waliuliza kabla yenu, na kwa ulizo lao wengi wameponywa bila kukatwa ziwa zima.